Video ya droni inatoka kama ya simu: niuze ninunue kubwa?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Ipagala hapa Dodoma, nina droni ndogo, DJI Mini 2, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Napiga harusi, sendofu na kazi za mashamba ya zabibu. Tatizo langu, video zinatoka kama za simu. Mbingu nyeupe kabisa, nikigeuza droni picha inakatakata, na majani ya mizabibu yanachemka kama siafu. Juzi mteja kanionyesha kazi ya mtu mwingine, akasema "hii ndiyo sinema, ya kwako ni video". Nimeumia. Niuze hii niongeze hela nichukue Mavic 3, au kuna kifaa nakikosa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze kwanza. Malalamiko yako ni matatu na kila moja lina mchawi wake. Wawili utawamaliza kwa hela ndogo. Wa tatu ndiye anayeihusu kamera yenyewe, na hata huyo nusu yake ni jua la Dodoma.

Tuanze na kukatakata. Fungua klipu yako yoyote ya saa sita mchana, isimamishe pale bodaboda inapopita. Naamini utaziona spoku za tairi moja moja, zimeganda kama picha ya pasipoti. Ukiacha kila kitu kwenye otomatiki, kamera inaukimbia mwanga kwa kufunga shata (mlango wa mwanga) haraka mno, kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha moja inayounda video, inatoka kavu, na fremu kavu 25 zikifuatana jicho linaona mruko badala ya mwendo. Wapiga sinema wana kanuni ya zamani: kasi ya shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata ni 1/50. Kitu kinachotembea kinaacha ukungu kidogo nyuma yake, na ukungu huo ndio mteja wako anauita sinema bila kujua.

Sasa piga hesabu nami. Jua likiwaka sawasawa, kwenye ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata inayofaa ni kama 1/100, yaani sehemu ya mia ya sekunde. Lenzi ya Mini 2 ina tundu moja tu, f/2.8, halifungwi wala halifunguliwi, na linaingiza mwanga mara 32 kuliko f/16. Kwa hiyo kamera inakimbilia 1/3200. Wewe unataka 1/50. Gawanya 3200 kwa 50, unapata 64. Hiyo 64 ndiyo namba ya kioo unachokikosa: filta ya ND64, kioo cheusi kinachopitisha sehemu moja ya mwanga kati ya 64. Asubuhi jua likiwa bado chini utatumia ND16 au ND8, jioni likishazama unavua kabisa. Nunua seti, na iwe ya modeli yako. Gimbali ya Mini, yaani mkono unaoshika kamera isitikisike, ni laini kama shingo ya kifaranga. Ukiivika kioo kizito cha droni nyingine, mota zake zinazidiwa na picha inatetemeka. Kivishe kabla hujawasha.

Kisha kwenye programu ya kurushia toa AUTO weka PRO, chagua 4K fremu 25, ISO 100, shata 1/50, na rangi ya mwanga (white balance) uifunge kwenye namba moja. Ukiiacha otomatiki, droni ikitoka kwenye udongo mwekundu ikaangalia anga, klipu inabadilika rangi katikati, na hapo hakuna wa kukuokoa kwenye kuediti.

Kwa nini 25 na si 30? Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila wewe kuona. Shata ya 1/50 inakusanya mapepeso mawili kamili kila fremu, taa inatulia. Ukiwa kwenye fremu 30 na 1/60, nje ya ukumbi ule mlango wenye maua na taa za rangi utaona mistari inapanda na kushuka. Tena bwana, nje. Sijui nani aliwadanganya vijana kwamba droni inarushwa ndani, juu ya vichwa vya wakwe.

Filta pekee haitoshi kama kidole chako ni kizito. Kwenye rimoti yako kuna swichi ya njia tatu. Iweke kwenye Cine, droni inakuwa mvivu, na uvivu huo ndio unaoutafuta. Kugeuka kwa robo ya duara kuchukue sekunde kumi na zaidi. Usigeuze huku unapanda huku unainamisha kamera. Fanya jambo moja, ukishalizoea ongeza la pili. Na propela zenye meno zibadilishe, kwa kuwa mtikisiko mdogo unaingia kwenye picha kama uji unaochezacheza.

Majani yanayochemka nayo yana kisa chake. Mini 2 inaandika kwenye kadi megabiti 100 za data kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango chake cha juu. Ukipanda mita 60 juu ya shamba la Mpunguzi, kila fremu ina maelfu ya majani madogo yanayopepea, kamera haina nafasi ya kuyaandika yote, basi inayapondaponda pamoja. Shuka mita nane au kumi, tembea pembeni ya mstari taratibu, mwache mama mwenye beseni la zabibu awe karibu na majani ya nyuma yake yawe machache. Utashangaa. Halafu niambie ukweli: kazi yako mteja aliionea wapi? Kama uliituma WhatsApp kama video ya kawaida, imeshabanwa na kunyongwa kabla hajaifungua. Tuma kama dokumenti, au mpelekee kwenye flashi.

Mbingu nyeupe ndilo jambo gumu. Filta ya ND inapunguza mwanga wa anga na wa ardhi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo haitakurudishia bluu. Hapa ndipo ukubwa wa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, unapoongea (sisemi ile ya watu na makazi). Sensa ya Mini 2 ni ya inchi 1/2.3, ya Mavic 3 ni ya 4/3, eneo lake karibu mara nane. Inabeba anga na kivuli cha mbuyu kwa pamoja bila kupoteza kimoja. Tena inarekodi biti 10, yaani kila rangi ina ngazi 1,024, wakati yako ya biti 8 ina 256. Ndiyo maana wewe ukijaribu kuivuta anga kwenye kompyuta inakatika mistari mistari kama jamvi.

Lakini hata mwenye Mavic 3 akirusha saa saba mchana kuelekea jua anapata mbingu ya maziwa. Rusha kuanzia saa kumi na mbili na dakika 45 hadi saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni au ubavuni mwako. Pima mwanga kwa anga, ardhi iache iwe na kiza kidogo, utainyanyua baadaye. Na ukishindwa, inamisha kamera. Hakuna sheria inayodai anga kwenye kila picha. Kiangazi faida ya asubuhi ni mbili, maana mchana upepo wa huku unaisukuma Mini kama karatasi.

Nikikujibu swali la kununua: kama kazi zako nyingi ni jioni, au kuna mteja wa kudumu anayelipa na kompyuta yako inahimili kurekebisha rangi, hapo panda. Katikati kuna Mini 4 Pro, sensa ya inchi 1/1.3, tundu la f/1.7, biti 10, na kwa kijana wa harusi mimi ningeishia hapo. Tundu lake kubwa litakudai filta nzito zaidi, ND128 hata 256 saa ya jua kali. Kabla ya kubadilisha chochote pitia TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwa usajili na vibali, pamoja na kibali cha upande wa ulinzi. Dodoma ina Bunge, Ikulu ya Chamwino na uwanja wa ndege katikati ya mji. Si pa kujaribia bahati.

Kadi ya kumbukumbu iwe na alama ya V30 (alama ya kasi ya kuandika), gigabaiti 64 inakupa zaidi ya saa moja. Sauti droni hairekodi; wakina mama wakipiga ngoma ya muheme, weka kinasa sauti au simu karibu yao chini, piga kofi moja mbele ya kamera ya droni ili baadaye uoanishe sauti na picha.

Kifaa kimoja hakiuzwi duka la droni: mkeka. Nilirusha Hombolo kutoka kwenye udongo mtupu, propela zikainua vumbi lote likaingia kwenye gimbali. Nikafuta lenzi kwa fulana. Mchanga ule ulichora mstari ambao hadi leo unaonekana nikielekea jua, na mota moja ya gimbali ililia wiki nzima kisha ikanyamaza. Sasa natandika mkeka, na lenzi naipuliza kwanza ndipo naifuta kwa kitambaa cha miwani.

Jumamosi asubuhi nenda shamba lolote la zabibu. Rekodi sekunde 20 kwa AUTO bila filta, halafu sekunde 20 za njia ileile kwa mipangilio niliyokupa. Nitumie zote mbili. Kama dokumenti.