Maswali na Majibu: Poka ya Las Vegas, harambee ya kiingilio na asilimia 30 ya Mmarekani

Kila mwaka Mei ikikaribia, barua za poka, ule mchezo wa karata wa pesa, hunijia kwa wingi. Ni kwa sababu ya Mashindano ya Dunia ya Poka, yale wachezaji wanayoyaita WSOP, yanayoanza Las Vegas mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Walioniomba mbinu za kushinda wataniwia radhi, leo tunazungumzia safari.

Nina mahojiano ya viza ubalozini. Niseme naenda kutalii tu, au nitaje poka? (Msomaji, Nakuru)

Taja poka. Las Vegas kamari ni biashara halali, na afisa wa viza ameshasikia makubwa kuliko hayo. Ukisema utalii, kisha akuulize mtalii gani anakaa Las Vegas wiki mbili za Julai, joto likipita nyuzi 40, utababaika, na kubabaika kumewanyima wengi viza. Unayoomba ni ile ya matembezi na shughuli fupi, B1/B2. Ada ya maombi ni dola 185, nayo hairudi hata ukikataliwa. Afisa anataka kujua nani analipa, na kitu gani kitakurudisha Nakuru. Beba barua ya kazi au leseni ya biashara, na taarifa za benki. Tiketi na hoteli isiyorudisha pesa vingoje mpaka pasipoti irudi na viza ndani. Na kama hujafikisha miaka 21, usijisumbue: Nevada, jimbo iliko Las Vegas, hawatakuketisha mezani.

Nikishinda, ni kweli Marekani hukata kodi palepale? Mimi si raia wao. (Msomaji, Nyali)

Ni kweli, na wanakata palepale kwa sababu wewe si wa kwao; ukishapanda ndege hawatakupata tena. Mgeni asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya ushindi wa poka kabla hajakabidhiwa pesa. Waingereza, Wafaransa, Wajerumani, hata ndugu zetu wa Afrika Kusini, nchi zao zina mikataba ya kodi na Marekani inayowaondolea makato hayo, mradi wawe na namba ya mlipakodi ya huko na wajaze fomu. Kenya haina mkataba huo. Tanzania haina, Uganda haina. Kwa hiyo wewe na Mwingereza mkibeba dola 100,000 kila mmoja, yeye huondoka nazo zote, wewe unabaki na kama 70,000.

Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo imemsamehe mgeni anayeshinda kwenye blakijeki, mchezo mwingine wa karata, au ruleti, ule wa kuzungusha gurudumu. Anayelitegemea gurudumu haguswi, anayekesha akipiga hesabu za poka ndiye anayekatwa.

Kibaya zaidi, Mmarekani akishinda huruhusiwa kutoa hasara zake, angalau sehemu kubwa, kwenye hesabu ya kodi, mgeni haruhusiwi. Tuseme umeingia mashindano matano ya dola 1,000, ukatolewa manne na ukashinda katika la tano. Zile 4,000 zilizopotea hazipunguzi kodi yako hata senti. Karatasi ya makato utakayopewa itunze vizuri. KRA, watoza kodi wa Kenya, wakiuliza pesa zimetoka wapi, ndiyo itakayokusemea.

Wenzangu wanane wamekubali kunichangia kiingilio cha dola 10,000. Tukishinda, tugawane vipi? (Msomaji, Kisumu)

Hapa ndipo urafiki mwingi umezikwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, mchango huo si harambee ya harusi, ni hisa. Aliyetoa dola 500 kwenye kiingilio cha 10,000 ana asilimia 5. Swali ni asilimia 5 ya nini. Yeye anawaza zawadi itakayotangazwa. Wewe unawaza kitakachofika mkononi. Ukibeba 20,000, anahesabu 1,000. Lakini wakikukata asilimia 30 ya zote unabaki na 14,000, na sehemu yake inakuwa 700. Hizo 300 zinazopungua, kama hazikuzungumzwa mapema, atakwambia umezila. Kodi inakatwa kwa jina lako wewe, lakini iwaangukie wote kwa kadiri ya hisa zao.

Pili, nauli na hoteli viko upande wa nani? Kutoka Nairobi unaweza kwenda moja kwa moja hadi New York, halafu ndege nyingine ya ndani; si safari ya bei ya chai. Ushauri wangu ni kwamba mchezaji ajilipie safari. Ukishindwa kujilipia nauli, huu si mwaka wako.

Tatu, semeni wazi kwamba ukitolewa siku ya kwanza hakuna deni. Hili ndilo litakalotokea mara nyingi: mwaka 2024 waliingia watu 10,112 kwenye shindano kuu, lile la kiingilio cha dola 10,000, na kwa kawaida wanaopata zawadi ni kama asilimia 15. Andikeni yote, kila mtu atie sahihi. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko kumbukumbu, lakini karatasi ni bora zaidi.

Naweza kubeba kiingilio taslimu? (Msomaji, Eldoret)

Waweza. Marekani haizuii kiasi, inataka utangaze ukipita dola 10,000, kuingia na kutoka. Kiingilio peke yake ni 10,000, ukiongeza pesa ya chakula umeshapita. Kutangaza si kulipa kodi, ni kujaza fomu. Wanaopokonywa pesa ni wale wanaonyamaza. Uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, nako kuna fomu yake.

Mimi na binamu yangu tukiangukia meza moja, tunaweza kuongea Kiswahili? (Msomaji, Nairobi)

Karata zikiwa mezani, hapana. Ni Kiingereza tu, ili watu wasipeane siri. Sheng' pia hairuhusiwi, kabla hujauliza.

Las Vegas ni mbali na masharti ya viza yanazidi. Hakuna pa karibu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pako. Ni kweli masharti yamebana: tangu Oktoba 2025, Mtanzania anayeomba viza ya matembezi ya Marekani aliweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, na mabadiliko yameendelea. Johannesburg Mtanzania na Mkenya huingia bila viza hadi siku 90. Emperors Palace iko jirani kabisa na uwanja wa ndege wa OR Tambo, na mashindano yenye jina la WSOP yaliwahi kuchezwa hapo. Mchezo ni uleule.

Nimecheza poka kwenye simu tu. Nitaaibika? (Msomaji, Thika)

Karata utazijua, mikono ndiyo itakayokuponza. Kwenye simu huwezi kucheza kabla ya zamu yako. Mezani unaweza, na watakukemea. Ukirusha kete moja ya thamani kubwa (kete ni vile vipande vinavyosimamia pesa mezani) bila kusema neno, hujapandisha dau, umelilipia tu lililopo, hata kama moyoni ulikusudia kupandisha. Ukishatamka, umejifunga. Na ree mbili (karata za A) utakazofurahia zikinge kwa kete juu yake, la sivyo mgawaji anaweza kuzikusanya na takataka, na hazirudi.

Beba sweta. Nje ni tanuri, mwaka 2024 Julai 7 ilifika nyuzi 48.9, lakini ukumbini viyoyozi vinauma kama Limuru alfajiri, na utakaa humo kutwa. Fika siku tatu kabla: saa zao ziko kumi nyuma ya zetu, na mwili wa Thika utataka kulala wakati mgawaji ndiyo kwanza anachanganya karata.