Jibu: Mama kupasuliwa mkono akiwa macho
Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama bi mkubwa anaweza kupasuliwa kifundo cha mkono bila nusu kaputi. Anaweza. Mie nilianguka mkarafuuni, nikatiwa chuma na skrubu niko macho. Hupigwa sindano ya lidokaini, yaani dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini. Hiyo adrenalini hubana mishipa ya damu, kwa hivyo hafungwi ule mpira wa kubana mkono kuzuia damu, ambao ukikaa sana unauma kweli. Husubiriwa kama nusu saa, ndipo wanaanza. Utahisi kuvutwavutwa tu. Daktari akaniambia nikunje vidole palepale, aone kano zinateleza vizuri. Sauti ya drili lakini, we! Mwambieni daktari mapema kama ana presha au maradhi ya moyo.