Kodi kwanza, makochi baadaye

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Umeuliza kama shilingi 2,000,000 zitakutosheni wewe na mkeo kuhama Wete, Pemba, kwenda Dar. Wenye nyumba wengi kule hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba na sebule cha 200,000 kwa mwezi, basi, ni 1,400,000 kabla hamjanunua hata ndoo. Iliyobaki ndiyo ya boti, godoro na kula mpaka mshahara wa kwanza. Haifiki! Tangulia wewe, ufikie kwa jamaa, mkeo abaki kwa mamake kwanza. Na kabla hujalipa, uliza mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani. Ikiwa ya kuchangia, jirani mwenye friji atakumalizieni umeme.