Kifuniko cha sindano hakishikwi kwa meno

Usiku wa kuamkia jana nimemkuta intani, daktari aliye mafunzoni, wa wodi ya watoto, kijana mwenye adabu zake, mkono mmoja kashika mkono wa mtoto, wa pili kashika sirinji, na kifuniko cha sindano kakibana kwa meno kama mswaki wa mti. Nikamwacha amalize kutoa damu. Alipomaliza akaanza kuinamia sindano airudishie kifuniko hukohuko mdomoni! Nilipiga ukelele hadi mama wa kitanda cha tatu akaamka. Yule mama nilimwomba radhi. Wewe dogo, sikuombi.

Haya ninayoandika mmefundishwa chuoni, na mtihani mmefaulu. Nayaandika hivyohivyo.

1. Usirudishie kifuniko. Ikibidi kabisa, kilaze mezani ukichote na sindano kwa mkono mmoja, ule mwingine ukae mgongoni.

2. Sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, liwe karibu na mkono wako kabla hujafungua sindano. Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa wodi ya wanawake, zamu za usiku, wauguzi wawili, na wagonjwa wengine wamelala chini. Usiku wa Jumatatu alikuwepo dada mmoja kakauka maji, mishipa haionekani. Jaribio la nne nikaona damu imerudi kwenye kanula, kile kimrija cha mshipani. Kwa furaha nikachomoa sindano ya ndani nikaiweka juu ya shuka, pembeni ya goti lake, dakika moja tu, nibandike plasta na kuunganisha dripu. Sefti boksi lilikuwa kwenye troli, troli iko mlangoni, hatua kama kumi. Mara puu! Bibi wa kitanda cha jirani kaanguka. Nikaruka kumwinua. Asubuhi nikakabidhi zamu, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumatano jioni naingia kazini, sista inchaji ananiita. Mama wa kufulia kakaa kwenye benchi, kidole gumba kakifunga kipande cha kanga. Alichomwa tangu Jumanne asubuhi akikusanya shuka, akanyamaza, akiogopa kufukuzwa kwa uzembe. Uzembe wake yeye! Aliponiona akasema, “Si kitu mwanangu, kijisindano tu.” Bora angenitukana.

Furushi lilikuwa la shuka za wodi nzima, na zamu tulikuwa wawili. Ningenyamaza, nani angejua? Nikanyamaza kweli, kama nusu saa hivi, nikijifanya natafuta faili kabatini. Ile nusu saa naionea aibu kuliko sindano yenyewe, maana mimi peke yangu ndiye niliyejua damu ile ni ya nani. Bila mimi kusema, mgonjwa gani angeombwa ridhaa apimwe? Nikatoka kabatini nikasema mbele ya wote. Sista hakunijibu. Alichukua simu akaita kliniki.

Majibu ya mgonjwa hayawahusu. Mama alianza dawa za kuzuia VVU jioni ileile, ndani ya saa 72 zinazoruhusiwa, ingawa zile saa mbili za kwanza, ambazo ndizo bora, zilishapotea kitambo. Siku 28. Zilimpa kichefuchefu, nami kila nilipotoka zamu ya usiku nilimpitishia uji kule kwenye mapipa ya kufulia, akiupokea na kunicheka. Homa ya ini B hakuwahi kuchanjwa. Kwenye orodha ya chanjo walikuwemo madaktari na wauguzi, kana kwamba sindano inasoma vyeo. Alipopimwa wiki ya 6, kisha mwezi wa 3, nilikaa naye kwenye benchi kusubiri. Salama. Mimi ndiye niliyelia, yeye akatafuta kanga anifute.

3. Boksi likifika robo tatu, lifunge. Halishindiliwi kama gunia la mkaa, na halichunguliwi kwa vidole.

4. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue. Usimwagie jiki, ngozi yako si sinki. Kisha ripoti saa hiyohiyo, dawa haingoji asubuhi. Najua mnavyofanya: mnakwenda kwa rafiki wa maabara, mnajipima kimyakimya, majibu ya siku hiyo yakiwa safi mnashangilia. Yale ni majibu ya jana yako, sindano ya leo bado haijajibu! Mnaona haya kuonekana kliniki, wakati anayegawa dawa kule mnakula naye chapati kila siku.

5. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, ya mwisho mwezi wa 6. Intani anachanjwa moja halafu anahamia idara nyingine na kusahau. Ukichomwa sindano ya mwenye VVU, hatari ni kama 3 katika 1000. Ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 300 katika 1000. Halafu mnaogopa ile ya kwanza tu.

6. Mtoto anayerusha mikono, ita mwenzako amshike. Mama yake usimtegemee, naye analia.

Yule intani leo kaingia zamu kakumbatia sefti boksi kama kichanga. Nimemsifu. Halafu nikachungulia: limejaa hadi mdomoni.