Je, inafaa kukata kipande cha tezi ya mtoto huntha ili jinsia yake ijulikane?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe wetu. Nina mtoto wa miezi kumi ambaye maumbile yake ya siri hayajabainika kuwa ni ya kiume au ya kike, yaani ni huntha. Daktari bingwa anataka kumfanyia upasuaji mdogo, akate kipande cha tezi yake ya uzazi kikapimwe. Mashemeji zangu wanasema huko ni kubadilisha maumbile ya Allah. Baba yake ameshafariki, akaniacha mimi, mtoto huyu na kaka yake, na mirathi haijagawiwa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Allah amrehemu marehemu na akupe subira. Kipimo hicho kinafaa, kwani anayetafuta kujua kilichofichika hajabadilisha chochote, na kufunuliwa uchi wa mtoto mbele ya tabibu kunaruhusiwa kwa kadiri ya haja.

Wanazuoni wamelishughulikia jambo hili tangu zamani. Imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib kuwa huntha hurithi kwa kuangaliwa anapokojolea, na mwanachuoni Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni, juu ya hilo. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wakaongeza hedhi na manii, na alama hizo zikikosekana, mwelekeo wa nafsi ya mhusika mwenyewe baada ya kubaleghe. Zote hizo ni dalili za kutafutia kilichojificha, na sioni sababu ya kukataa dalili iliyo karibu zaidi na kinachotafutwa. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), lilipokutana Makka mwaka 1989, liliharamisha kumgeuza jinsia mtu ambaye uume au uke wake umekamilika, lakini likaruhusu kumtibu mwenye alama za pande zote mbili kwa kufuata upande uliozidi.

Mtaalamu wa patholojia hukiweka kipande hicho chini ya hadubini. Akiona vijifereji vinavyotengeneza mbegu za kiume, hiyo ni korodani. Akiona vifuko vya mayai, hiyo ni ovari. Na wako watoto ambao tezi yao moja ina vyote viwili, huku korodani na huku ovari. Kwa hiyo muombe daktari akate kwa kina na kwa urefu wa tezi, kwa sababu kipande cha juujuu huweza kuchukua upande mmoja tu na kuupoteza wa pili, na hukumu ikajengwa juu ya nusu ya ushahidi.

Hata hivyo, kipimo hiki kisiwe cha kwanza. Vitangulie vipimo vya damu vya kromosomu na homoni, pamoja na ultrasaundi ya kutazama kama kuna mfuko wa uzazi. Wapo wasichana kamili, wenye ovari na mfuko wa uzazi, waliozaliwa na umbo la nje linalofanana na la kiume kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zina hitilafu. Hao hawahitaji kukatwa tezi ya uzazi. Wanahitaji dawa upesi, kwani baadhi yao hupoteza chumvi mwilini na huweza kufa wakiwa wachanga. Na wako wanawake wenye korodani tumboni ambao mwili wao haupokei homoni ya kiume, wakakua na kuishi kama wanawake. Kwa hiyo majibu ya maabara peke yake hayatoshi kuamua, na nakusihi sana usikubali tezi iondolewe kwa haraka pasipo hatari iliyothibitishwa na madaktari waadilifu, kwa kuwa ikishaondolewa hairudi.

Ama mirathi, wewe utapata thumuni yako (moja ya nane) kwa hali yoyote. Kinachobaki, ikiwa hakuna warithi wengine, mpe kila mtoto kile chenye yakini: huntha theluthi moja, kama kwamba ni binti, na kaka yake nusu, kama kwamba huyu ni mwanamume. Sudusi (moja ya sita) iliyobaki ihifadhiwe kwa mtu mwaminifu, na iandikwe mbele ya mashahidi, mpaka hali ya mtoto ibainike.

Wallahu aalam.