Fiat 850 Spider: kagua bodi kwanza, injini baadaye

Msomaji mmoja ameandika kutoka Italia. Ameonyeshwa Fiat 850 Spider ya 1969, gari dogo la wazi, rangi inang'aa, injini imekufa, na muuzaji anapunguza bei kwa ajili ya hiyo injini. Anauliza kama spea zake zinapatikana. Ndugu yangu, hilo si la kukunyima usingizi.

Mitambo ya gari hili ni ya Fiat 850 ya kawaida, gari la familia lililotoka 1964. Bodi ndiyo ya kipekee: ilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa Bertone, kampuni ya kuchora na kuunda bodi za magari, ikatengenezwa hadi 1973. Pistoni na gasketi utapata. Bati la Spider utalitafuta mpaka uchoke.

Kwa hiyo nenda na sumaku, ulale chini. Kingo zilizo chini ya milango ndizo uti wa mgongo, maana gari halina paa la chuma. Sumaku isiponasa, hapo pamejaa puti, ile lipu ya kuficha kutu. Inua kwa jeki gurudumu moja la mbele, kisha fungua na kufunga mlango wa upande huo. Ukigoma, au upenyo wake ukibana juu, gari linapinda katikati.

Fundi asikate kutu kabla ya kuchomelea bomba la chuma kuvuka kila nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Akate upande mmoja, aumalize, ndipo ahamie wa pili. Wanaokata pande zote kwa pamoja ili kuokoa siku moja huishia na milango isiyofunga. Uvivu mtupu.

Injini sasa. Tangu 1968 ilikuwa ya cc 903, na hapo wengi hukimbilia ya Fiat 127, yenye cc hizohizo. Ile huzunguka kinyume! Ukiifunga ilivyo, utapata gia moja ya mbele na nne za rivasi.

Rejeta iko nyuma, kando ya injini, hivyo oili inayovuja huchanganyika na vumbi na kuziba mapezi yake. Injini ikichemka, osha rejeta kabla ya kulaumu temostati.

Filta ya oili nayo imo ndani ya puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ikitenga uchafu kwa mzunguko. Haibadilishwi, husafishwa, na wengi hawajui kama ipo. Kwenye hiyo injini iliyokufa, fungua puli hiyo kwanza: ukikuta tope limeganda, pima krenki na beringi zake kabla hujanunua gasketi hata moja.