Kutoka Karibi kwenda Ufaransa: maswali ya viza na mpakani

Naishi Lyon. Mama mkwe wangu ni Mjamaika na rafiki yake ni wa Barbados. Wanataka kuja wiki tatu, lakini anayedaiwa viza ni mkwe peke yake. Kwa nini?

Kinachoangaliwa ni pasipoti. Barbados, Bahamas, Antigua na Barbuda, na Saint Kitts na Nevis zilisamehewa mwaka 2009 viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, zinazotumia viza moja. Mwaka 2015 zikafuata Trinidad na Tobago, Grenada, Dominica, Saint Lucia na Saint Vincent. Jamaika, Haiti, Cuba na Jamhuri ya Dominika hazimo. (Dominica na Jamhuri ya Dominika ni nchi mbili, wengi huzichanganya.)

Kwa hiyo mkwe wako yuko foleni moja na Mtanzania na Mkenya: ada ya euro 90 isiyorudishwa hata akinyimwa, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 kwa eneo zima la Schengen. Ombi lipelekwe kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari. Hizo siku 15 zisikudanganye: ndio muda wa kawaida wa uamuzi, na unaweza kufika 45.

Atalala kwangu. Barua ya mwaliko niliyoandika mwenyewe inatosha?

Haitoshi. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya meya wa mji unaokaa ukaombe attestation d'accueil, yaani hati rasmi kwamba utampokea mgeni nyumbani kwako. Beba kitambulisho au kibali cha ukaazi, uthibitisho wa nyumba na kipato, na stempu ya kodi ya euro 30. Meya anaweza kutuma mtu akague kama nyumba ina nafasi, basi usingoje wiki ya mwisho. Ikitoka, mtumie mkwe karatasi halisi, si picha ya simu. Namba ya pasipoti inaandikwa humo. Akibadilisha pasipoti baadaye, hati hiyo haimfai tena.

Faida yake inaonekana kwenye fedha za kujikimu. Mwenye hati hiyo huonyesha euro 32.50 kwa siku, yaani 682.50 kwa siku 21. Asiye na hati wala hoteli aliyolipia huonyesha 120 kwa siku, jumla 2,520. Na huyo rafiki wa Barbados, akifikia kwako, naye anaihitaji hati hiyo. Amesamehewa viza tu. Polisi wa mpakani bado wana haki ya kumuuliza atalala wapi na atakula nini.

Mgeni akikaa siku 90, akatoka siku moja, hesabu inaanza upya?

Hapana. Kila siku anayokuwa ndani, wanahesabu siku 180 kurudi nyuma, na alizokaa ndani zisizidi 90. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo. Aliyeingia 1 Machi akatoka 29 Mei amemaliza 90. Mlango unafunguka tena 28 Agosti.

Mume wangu ana pasipoti ya Trinidad. Tiketi ya bei nafuu inapita London.

Mwachie mwingine hiyo tiketi. Ufaransa haimdai viza, lakini Uingereza inamdai tangu 12 Machi 2025. Kupitia Marekani pia si kimbilio: kule hata wa kubadilisha ndege tu anahitaji viza. Tafuta njia ya Amsterdam.

Viza ya Schengen itamfikisha mama mkwe Martinique?

Hapana. Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi, ni za Ufaransa lakini ziko nje ya Schengen. Aombe ya huko kivyake.

Muhuri wa pasipoti umeondolewa?

Mfumo mpya wa kielektroniki ulianza 12 Oktoba 2025 kuchukua nafasi yake: picha ya uso na alama za vidole vinne, ila watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Aliyezidisha siku anaonekana papo hapo, hakuna tena muhuri uliofifia wa kubishania. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibakize miezi 3 baada ya siku ya kuondoka.